Upepo Niliouwekea Sharti

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, na wewe kitinda mimba wangu zima simu hiyo, maana pumzi iliyobaki hainitoshi kusema jambo mara mbili. Nyumba mgawane sawa kwa sawa, sina la kuongeza. Ofisi ya uhandisi ni yako, binti yangu, ila kabla hujaichukua ujue imesimama juu ya nini.

Mnalikumbuka paa la kiwanda cha nguo, lililong'olewa na upepo likaua washonaji watatu. Hesabu zake nilizifanya mimi. Niliiuliza programu ya aljebra kwenye kompyuta: uzito wa paa ukijumlishwa na nguvu ya upepo, jibu ni zaidi ya sifuri daima, yaani paa halitanyanyuka kamwe? Haikusema kweli, haikusema si kweli. Ilinirudishia swali langu vilevile, kwa kuwa herufi niliyoupa upepo ingeweza kuwa namba yoyote. Mwenye kiwanda alikuwa ananihimiza kila saa. Basi nikaongeza mstari mmoja: chukulia kwamba upepo ni zaidi ya sifuri. Yaani unagandamiza tu, haunyanyui. Papo hapo ikajibu: Kweli. Programu haikunidanganya, mimi ndiye niliyeidanganya, kwani upepo ukipita juu ya paa huvuta, na hapo namba huwa chini ya sifuri. Hilo nililijua tangu chuoni. Nikaufuta mstari, nikachapa ile "Kweli" peke yake, nikatia sahihi.

Lawama zikamwangukia fundi wa kuchomelea aliyeunga vyuma vya paa lile. Mbele ya hakimu alinigeukia, akasema, "Mama, wewe ndiye unayejua hesabu. Waambie basi." Nikatazama viatu vyangu. Akafungwa miaka tisa, mkewe akaondoka, na hadi leo hakuna anayempa hata geti la kuchomelea.

Usilie, binti yangu. Najua jina langu ndilo lililo mlangoni kwako, na wateja watakukimbia. Nakala ya kwanza, niliyoichapa kabla ya kuufuta mstari ule, iko kwenye droo ya chini ya meza yangu. Ipelekeni mahakamani wiki hii, msingoje mazishi. Na wewe, mwanangu, usimwache dada yako aende peke yake.

Mungu awape ulimi nilioukosa mimi siku ile, awalinde... Maji. Hapana, acha. Yule mzee aliyeketi kwenye benchi, pale nje ya wodi... si mgonjwa. Ndiye fundi. Nimemwita mimi. Nilitaka anisikie mwenyewe, lakini sauti... Mfungulieni mlango. Mpeni kiti. Hapa... karibu na mdomo wangu.