Mguu Wangu Uliobaki Kasongo

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Apewe sifa na ninyi mliokaa kwenye mabenchi, na ninyi mliosimama dirishani, na mama zangu wa nyuma ambao mmeanza kucheka kabla sijafungua kinywa kwa sababu mnaijua habari yangu. Chekeni. Mimi mwenyewe huicheka siku hizi. Zamani haikuwa ya kucheka, na leo nimeomba nafasi niisimulie yote mbele ya kanisa, kwa sababu wapo wageni, na wapo kati yetu watu wanaoogopa kaburi kama nilivyoliogopa mimi.

Jina langu ni Marta, mke wa Baba Feza, wa hapahapa Kabambare. Mnaona nina mguu mmoja. Wa pili ulikatwa Kasongo, na ulipokatwa nusura uondoke na nyumba yangu yote.

Ulikuwa msimu wa kufyeka mashamba ya pamba. Ninyi mnajua, Bula Matari, ile serikali ya Wazungu, akisema pamba, ni pamba. Nilikanyaga kisiki kilichochongoka, kikaingia katikati ya wayo. Nikafunga majani, nikaendelea kufyeka, maana msimamizi hakujua kisiki, alijua shamba. Donda likavimba, likaoza, likanuka hata mbuzi wakahama upande wangu wa ua. Nikamwachisha kunyonya mtoto wangu wa mwisho, Musafiri, nikamkabidhi kwa mama mkwe pamoja na dada yake Feza. Baba Feza na ndugu zake wakanibeba kwa kipoyi, machela ya mabegani, mpaka barabarani, tukapanda kamyo ya pamba mpaka Kasongo. Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo nitakufa. Ukakatwa. Sina neno baya juu ya watu wale wa hospitali, waliniokoa.

Nilipopata fahamu sikuuliza kama nitapona. Niliuliza, "Baba Feza, muguu yangu iko wapi?"

Akanijibu, "Wameuzika kule nyuma ya lopitali. Nilipaona. Niliweka na jiwe."

Ndugu zangu, hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Kwetu Wabangubangu kitovu cha mtoto huzikwa nyuma ya nyumba, na nywele na kucha hazitupwi ovyo. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kijiji chetu, naye alikuwa na sheria moja: mtu azikwe mzima. Kulikuwa na fundi aliyekatwa kidole na msumeno. Alikikausha kidole chake, akakitunza katika kitambaa miaka mingi, na siku alipokufa mama mkwe alikiweka mkononi mwake kabla ya kumfunga sanda. Niliona kwa macho yangu. Kanisani nako nilikuwa nimefundishwa kwamba siku ya mwisho tarumbeta italia, makaburi yatafunguka, na wafu watatoka. Nikayatia mafundisho yote mawili katika chungu kimoja, nikapika, nikala, yakanikwama kooni.

Hebu fikirini nilivyofikiri. Nikifa Kabambare, nitazikwa Kabambare. Mguu umelala Kasongo. Tarumbeta ikilia, mguu utasimama peke yake nyuma ya hospitali, unazunguka kama kuku, unatafuta mwenyewe. Na mimi nitatoka kaburini na mguu mmoja, niruke kilima kwa kilima njia yote ya Kasongo, na nikifika huko Bwana ameshapita na watu wake. Mnacheka, lakini mimi nililia mpaka wagonjwa wenzangu wakalalamika. Nikamwambia mume wangu kwamba sitoki Kasongo. Nitaishi huko, nitafia huko, nizikwe kando ya mguu wangu.

Baba Feza ni mtu mpole. Alipoona nimeshikilia, alitaka kuufukua mguu ule turudi nao nyumbani. Hospitali wakakataa, wakasema kilichozikwa hakifukuliwi. Dereva wa kamyo naye, aliposikia tu habari, akaapa kwamba hapakii kitu cha kaburini juu ya mali ya watu. Na pamba ilikuwa inamngoja Baba Feza kule shambani. Akaondoka peke yake. Nilimtazama mgongo wake ukipanda kamyo, na bado sikusema neno la kumrudisha. Hofu ilikuwa imenishika kuliko mapenzi, ndugu zangu, na mimi nampenda mume wangu.

Nilipokelewa na Mama Zaina, mjane Mwislamu aliyekuwa na nyumba jirani na hospitali. Tulijuana wodini alipokuwa akimuuguza dada yake. Alikuwa akikaanga vitumbua vya mchele na kuuza sokoni, na kuchambua mchele ni kazi ya kukaa, kwa hiyo nilimfaa. Aliswali swala zake, nami nikaimba nyimbo zangu, na hatukugombana hata mara moja, ila kwa chumvi. Yeye pia anangoja siku ya kiyama. Lakini alinitania sana. Alisema, "Mama Feza, weye unakaa hapa Kasongo kama bibi-arusi anangoja bwana, na bwana mwenyewe iko muguu."

Kila jioni nilikwenda kwa magongo kulitazama jiwe langu. Nikapalilia pale. Mtu asiyenijua angedhani nimezika mtoto. Na watoto wangu wa kweli walikuwa hai, Kabambare, wanakula ugali wa mkono mwingine. Nilikuwa nikisikia mtoto wa jirani akilia na kifua changu kinauma. Nilijua ninakosa kitu, lakini nikipiga hesabu ya ufufuo naona bora kukosa sasa kuliko kukosa milele. Ndivyo hofu inavyofanya. Inavaa nguo ya imani, na wewe unaipisha ipite.

Habari za nyumbani zilikuja na watu wa baisikeli. Mara ya kwanza: mume wako anakusalimu, anauliza utakuja lini. Kisha: Feza anaumwa tumbo. Kisha: Feza amepona. Mvua zikapita, kiangazi kikaja, mvua zikarudi. Mwisho ikaja habari ambayo mleta habari aliisema akitazama chini: ndugu za Baba Feza wamechoka kumwona mwanamume anatwanga muhogo. Wamemtafutia msichana. Yeye hajakubali, lakini atakuja Kasongo wakati wa kuuza pamba asikie neno langu la mwisho, na safari hii lazima arudi na jibu.

Akaja kweli. Alikuwa amekonda. Tukakaa barazani kwa Mama Zaina, na kabla hajafungua mdomo akapita mtu anasema hospitali wanajenga nyumba mpya ya wazazi, na wafanyakazi wameanza kuchimba msingi kule nyuma. Kule nyuma, ndugu zangu! Niliruka na magongo yangu mbele ya mume wangu mwenye miguu miwili, na sikumsubiri.

Nilikuta jiwe langu limetupwa pembeni. Wafanyakazi walikuwa wamekuta mifupa wakati wa kuchimba, na kwa heshima wameikusanya juu ya mkeka, wakaifunika majani ya migomba. Sikuwa mimi peke yangu niliyekatwa pale. Kulikuwa na miguu ya watu wengi, na mikono pia, ya wanaume wa barabara na wa migodi, yote imechanganyika na yote ina rangi ileile ya udongo. Kapita wao, msimamizi wa kazi, alikuwa kijana mwenye huruma. Akaniambia, "Mama, muguu yako iko humu ndani. Angalia, uchague ule wako, tutakuzikia vizuri."

Nikapiga goti la mguu mzima. Nikafunua majani. Nikashika mfupa mmoja, nikaweka. Nikashika mwingine. Niliupima na mguu wangu mzima, ukawa mrefu. Mwingine ukawa sawa, na mwingine wa tatu ukawa sawa vilevile. Ndugu zangu, mguu ule nilitembea nao tangu utoto. Niliulilia muda wote ule nikiwa nimekaa kando yake. Na siku ile niliambiwa niuchague na sikuujua. Labda niliushika, labda niliuacha. Haukuniita, wala mimi sikuuita. Nikabaki pale na mifupa ya watu mikononi, na machozi hayakuja, kwa sababu nilishangaa tu.

Baba Feza alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, bila hasira, "Mama Feza, miye nilioa mutu. Sikuoa muguu. Kama miye mwanadamu nakujua bila huu muguu, Mungu atashindwa?"

Nikairudisha mifupa mkekani. Wafanyakazi wakachimba shimo moja, wakaizika mifupa yote pamoja, na tukaomba hapo, mimi na mume wangu na kapita yule. Lakini sikuwa nimefunguliwa bado, nisiwadanganye. Nilikuwa nimepoteza nilichokitegemea, na moyo ulikuwa mtupu kama chungu kilichokoshwa.

Jumapili tukaenda kanisani kwenye misheni ya Kasongo. Na Bwana anajua kupanga, maana mwalimu wa siku ile alisoma mahali katika Maandiko ambapo mtume anawajibu watu waliouliza kama mimi, kwamba wafu wanafufuliwaje, na wanakuja na mwili wa namna gani. Nilisikia masikio yangu yakisimama. Mtume anasema mtu hapandi mwili utakaokuwa, anapanda punje tupu, na Mungu ndiye anayeupa mwili kama apendavyo. Unazikwa katika udhaifu, unafufuliwa katika nguvu. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo tangu nikiwa msichana, kwenye maziko, lakini kwenye maziko mtu hulia, hasikilizi.

Nikarudi kwa Mama Zaina nikiwa nimechangamka, nikamweleza habari ya mpunga. Mtu akipanda mpunga, nilisema, harudi kutafuta maganda ya ile mbegu. Mama Zaina alikuwa na ungo mapajani. Akaokota chenga moja, punje iliyovunjika, akaniwekea kiganjani. "Na hii?" akaniuliza. "Weye mukulima, niambie. Hii itaota?"

Chenga haioti, kila mkulima anajua. Nilikaa na ile chenga mchana mzima, mume wangu amelala barazani, kamyo inaondoka kesho yake. Na hapo, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponifungua, bila ndoto wala sauti, nikiwa na chenga ya mchele mkononi. Nikaona kwamba mimi nilikuwa nangoja kuota kwa nguvu yangu, kama mpunga, na ndiyo maana nilitaka kuwa mzima ndani ya kaburi. Mpunga una uhai wake ndani. Mtu akifa hana. Mwenye miguu miwili na mwenye mmoja, aliyezikwa na sanda na aliyeliwa na mamba wa Lualaba, wote kaburini ni chenga. Hakuna anayeota. Ni Mungu anayetupa mwili, na Mungu haombi vipande kutoka kwetu.

Nikakumbuka Bwana wetu mwenyewe. Alipofufuka aliwaonyesha wanafunzi alama za mikono yake. Alikuwa yeye, mwili uleule, lakini haukuwa vilevile. Aliingia mlango umefungwa. Alikula samaki mbele yao wakaona. Alama zilikuwepo na maumivu hayakuwepo. Nikasema, kumbe huo ndio mwili ninaoungoja! Tena sikujali kama utakuja na kovu chini ya goti. Kovu litakuwa lake Bwana, na mimi nitakuwa wake, na hakuna kitakachouma.

Nikamwamsha Baba Feza. Nikamwambia, "Twende kwetu." Akanitazama kama mtu asiyeamini masikio yake, kisha akaanza kufunga mzigo, haraka haraka, nisije nikageuka. Mama Zaina alitufungia vitumbua vya njiani na akalia kwa kelele. Mpaka leo watu wa baisikeli wananiletea salamu zake.

Sasa sikieni neno la mwisho, nitakaa. Tulifika hapa Kabambare jua limeanza kupungua. Feza alinikimbilia. Lakini Musafiri, niliyemwachisha kunyonya nikaondoka, alijificha nyuma ya nguo ya bibi yake. Hakuujua uso wangu. Aliona mwanamke wa magongo, mguu mmoja, amekonda, akaanza kulia. Nilitamani ardhi inifunike. Mama mkwe akataka kumsukuma kwangu, nikasema hapana, mwache. Nikakaa chini palepale uani, nikamwita jina lake kwa namna nilivyokuwa nikimwita alipokuwa kifuani. Mara moja tu. Akanyamaza. Akatoa kichwa. Akaja, akanipanda mapajani, akalaza kichwa, wala hakuutazama mguu.

Ndugu zangu, ndivyo itakavyokuwa. Yeye ataita, na sisi tutaijua sauti, na yeye anayajua majina yetu hata pale ambapo sisi wenyewe hatuijui mifupa yetu. Namshukuru kwa mguu alionichukulia na kwa nyumba aliyonirudishia. Na wewe uliyekaa hapo leo na hofu ya kaburi, labda mtu wako alipotelea mtoni, labda alizikwa mbali na hukuona mahali, mkabidhi kwake Bwana na umwamini. Njoo mbele tuombe pamoja. Usione haya kutembea peke yako mbele ya watu. Nami natoka hapa nilipo, nakuja kukupokea, na utanisikia nikija kwa magongo yangu.