Mtani Alipoondoka na Pikipiki Yangu

Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mliobanana mlangoni, wanaostahili shikamoo wameipata. Mwenyekiti amenipa kiti nizungumze nimekaa, kwa ajili ya mguu huu. Namshukuru, lakini naomba nisimame. Mie nikikaa maneno yananigandia, na nimeshakaa vya kutosha katika maisha yangu. Mtalisikia hilo.

Chama chetu cha kuzikana kinataka kununua chombo chake cha kwanza. Nusu yenu mnataka pikipiki, nusu mnataka gari, na tangu mkutano uliopita kuna watu hawasalimiani kisimani. Nimeombwa nieleze yaliyonipata kabla hamjanyoosha mikono. Sitamtaja mtu kwa jina. Mtakayemtambua, mtambueni kimya kimya.

Kazi yangu mnaijua, natengeneza vyerehani. Zamani nilizunguka kwa baiskeli, leo Kinondoni, kesho Buguruni, keshokutwa Mbagala, kila penye fundi nguo barazani. Cherehani hakiji kwako, wewe ndiye unayekifuata, na kinapogoma siku mbili kabla ya Idi, fundi wake hataki kusikia kwamba ulikuwa upande wa pili wa mji. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa njiani. Chai naimalizia mlangoni. Mke wangu alizoea kunisalimia mgongo.

Nilipofikia uwezo wa kununua chombo, viwili vilikuwa vinauzwa. Karani mmoja wa Chang'ombe aliyehamishiwa bara alikuwa anauza pikipiki. Na kulikuwa na gari kuukuu la mfanyabiashara mmoja, paa lake la turubai, la kuwashwa kwa kuzungusha hendeli mpaka bega liume. Nilikwenda kuvitazama vyote viwili, nikarudi, nikaenda tena. Usingizi ulinipaa.

Mtaa mzima ulikuwa na maoni. Mke wangu aliniambia ninunue chochote, ila niamue, maana nilikuwa naamka na gari na kulala na pikipiki. Mama yangu, Mungu amrehemu, alitaka gari. Alikuwa na desturi ya kurekebisha kanga begani na kugonga ulimi kabla ya kusema neno analolipima. Akafanya hivyo, akasema, "Mwanangu, gari lina mlango. Chenye mlango hakimwagi mtu."

Nilimjibu kwamba mlango haupiti kwenye vichochoro vya Yombo. Mafundi wangu wengine wako ndani ya minazi, hakuna barabara, kuna njia ya miguu na mchanga. Gari lingezama hapo. Na kusema kweli, niliwaza pia kwamba mwenye gari kila arusi ni yake, yeye ndiye wa kubeba watu. Nikanunua pikipiki.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na raha mpaka masika yaliposhika. Asubuhi moja nilikuwa nateremka mteremko wa Mtoni kwenda Mbagala, sanduku la vyombo limefungwa nyuma. Mvua ya usiku ilikuwa imesukuma mchanga ukajaa barabarani. Gurudumu la mbele likaingia humo kama kijiko kwenye uji. Ninachokumbuka baada ya hapo ni bisibisi zangu zimetawanyika, na mguu wangu umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Watu wa Mtoni walinibeba juu ya kitanda cha kamba. Kila gari lililopita lilipunguza mwendo, likatazama, likaenda zake. Mwishowe lori la mkaa ndilo lililonifikisha hospitali. Wale wale walionibeba waliokota vyombo vyangu mchangani, wakavileta nyumbani pamoja na pikipiki. Haikupotea hata nati.

Mguu ukafungwa plasta nzito, kutoka nyongani hadi kisiginoni, na nikaambiwa nikae. Nyie mnaonijua, hebu nifikirieni nimekaa. Nilifungua saa ya mezani ya mke wangu nikaifunga, nikaifungua nikaifunga, mpaka ikasahau kulia. Nilihesabu boriti. Nilijua kwa mlio tu ni jirani gani anavuta ndoo. Watu walikuja kunipa pole, na kila aliyetoa pole alimalizia na gari. Ungelinunua gari, bwana. Si tulisema gari? Mke wangu akaanza kupika vitumbua, ndivyo vilivyotulisha, na mafundi wangu wakapata mtengenezaji mwingine. Pikipiki ilikaa bandani, kuku akatagia juu ya kiti chake, nami sikumfukuza. Sikutaka kuiona.

Mtu pekee ambaye hakusema kuhusu gari ni mama. Alikuja kila siku, akakaa miguuni pangu, akanimenyea machungwa. Mara nyingine alirekebisha kanga, akagonga ulimi, nikajiandaa. Kisha akaniuliza tu kama mguu unawasha.

Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini. Nilipewa gongo la kuegemea na kuambiwa nitembee. Nilifika mlangoni nikarudi. Sikuwa naumwa sana, nilikuwa naogopa. Mtu aliyezunguka mji mzima akawa anaogopa kizingiti cha nyumba yake.

Nikiwa katika hali hiyo, mama alifariki. Homa fupi tu. Mnakumbuka jeneza lilivyotoka pale kwangu, mabegani mwa watu, wanaume wote nyuma yake. Mie mwanawe nilibaki kibarazani nimeshika nguzo. Makaburi yako mbali, mguu usingefika. Niliisikiliza zikri mpaka ikapotelea kwenye mikorosho. Sikumtia mama yangu mchanga.

Baada ya hapo nililala. Sikutaka gongo, sikutaka mtu.

Sasa, wenzetu mliohamia juzi mnaweza kushangaa haya yanayofuata. Mie Mzaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani akija msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Anaweza kumwigiza marehemu, anaweza kuchukua kitu chako, na huruhusiwi kukasirika. Utakikomboa. Siku ya arobaini ya mama alikuja mtani mmoja wa Keko, mchukuzi wa bandarini, mtu wa mabega. Akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya mama.

Akatembea hatua za mama zile zile, akaja mpaka nilipokuwa nimeegemea nguzo. Akarekebisha kanga begani. Akagonga ulimi.

"Mwanangu," akasema, "neno hili nilikwenda nalo kaburini kwa kukuhurumia, limenikaba huko, nimerudi kulitema. Nilikwambia gari."

Watu walivunjika mbavu. Mie nilianza kucheka kabla sijajua kwamba nacheka, halafu nikalia, halafu sikujua tena nafanya lipi. Ndilo neno nililokuwa nalingoja kwa mama siku zote zile.

Hakuishia hapo. Alikwenda bandani, akamwondoa kuku kwa heshima, akaitoa pikipiki akaizungusha mbele ya watu. "Mzaramo, nani alikudanganya? Chombo kinachokufaa ni mbuzi ya nazi. Unaipanda, unakuna, unashuka hapo hapo, hujavunjika. Sie tulibeba mizigo kwa miguu kutoka bara hadi pwani, hatukuteguka hata kidole." Akaisukuma mpaka barabarani, na kanga ya mama begani, akaenda nayo kwao.

Mke wangu aliniuliza nitaikomboa lini. Nikajibu kwamba mtani aende nayo, nimempa. Nilijiona nimepata nafuu, kama mtu aliyeng'olewa jino.

Mtani alingoja. Alipoona kimya, akaja, safari hii bila kanga wala mzaha, akakaa kitandani kwangu. Aliniambia kwamba kitu cha utani kisipokombolewa utani umekufa, na yeye hakuja kuua utani. Nikasema ataje anachotaka, mke wangu atampelekea.

"Sitaki cha mkeo," akasema. "Ukombozi wake ni miguu yako. Uje Keko ukitembea, urudi umeipanda. Usipokuja nitawaambia Wanyamwezi wote kwamba Mzaramo mmoja wa Temeke ameshindwa na mbuzi wa chuma."

Nilikasirika, nanyi mnajua sikuwa na ruhusa. Hasira ile ndiyo iliyonitoa kitandani. Kesho yake nilifika kisimani. Kisha msikitini. Kisha kwenye duka la kona, nikaketi juu ya gunia nikitweta, nikarudi. Mke wangu alikuwa anapita kwa mbali, sinia lake la vitumbua kichwani, akijifanya hanioni. Hata ikafika asubuhi nikaenda Keko.

Nilimkuta ameitandikia pikipiki mkeka, imefutwa, imeng'aa. Hajui kuiendesha hata kidogo. Jirani zake waliniambia kwamba kila jioni anaikalia tu, anawasimulia watoto anavyokwenda Tabora. Akaniangalia nilivyolowa jasho, akasema nimechelewa, ameshaanza kuifundisha Kinyamwezi.

Niliipanda, mguu ukanitetemeka. Nikamwambia siwezi. Akapanda nyuma yangu, akanikumbatia kiuno. Tukaondoka. Na ndugu zangu, nikagundua kwamba anayetetemeka zaidi ni yeye. Mtu wa mabega yale, amefumba macho, anasoma dua zote anazozijua. Tulipofika kwenye mchanga nikapunguza mwendo, nikamwambia, "Mpagazi, leo wewe ndiye mzigo." Akanambia nitazame mbele. Tulifika. Mke wangu alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza aliniona uso nikirudi, si mgongo nikiondoka.

Mafundi walirudi mmoja mmoja. Mpaka leo napanda pikipiki ile ile, na kwenye mchanga nashuka nasukuma, sioni haya.

Nawashukuru watu wa Mtoni kwa kitanda na kwa bisibisi. Namshukuru mke wangu, na nyote mliomwosha, mliombeba na kumzika mama yangu nilipokuwa nimeshika nguzo.

Sasa mnataka nichague. Wanaotaka pikipiki mlidhani nimesimama upande wenu. Pikipiki inamfaa mwenye safari yake. Chama hiki hakina safari yake, kina safari za watu, za aliyevunjika na aliyekufa, na za mtoto wake asiyeweza kutembea. Lingekuwapo gari la chama siku ile, hata lile la turubai, ningefika makaburini nikamtia mama mchanga kwa mkono wangu. Mie mkono wangu naunyoosha kwa gari. Lina mlango.

Ila mkilinunua, siku ya msiba ufunguo fungeni vizuri kwenye pindo la kanga ya mama mmoja mkali. Mtani wangu amekaa pale dirishani tangu asubuhi, na bado hajajua kuendesha.