Mwalimu Wastani Anashuka Ngazi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, mwalimu wetu wa fizikia anastaafu baada ya kufundisha hapa miaka thelathini na minne. Cheti atakachokabidhiwa kina jina lake kamili, lakini wanafunzi, wapishi, mlinzi wa getini na hata mkewe humwita Mwalimu Wastani, naye huitika bila kinyongo.

Jina alilipatia ngazini. Kila mwaka somo la nguvu likifika, hufunga vitabu na kuwatoa wanafunzi nje. Wanapimwa uzito, kisha mmoja mmoja wanapanda ngazi za jengo la sayansi hadi maabara ya ghorofa ya pili, mwenzao ameshika saa ya kupimia muda. Kazi ya kuupandisha mwili hadi juu inagawanywa kwa muda wote uliotumika, na jibu ndilo nguvu wastani. Hawakosekani wanaofyatuka kwa sifa, wakafika katikati wako hoi, wakaketi wakihema. Hao ndio aliowapenda zaidi. Huwaambia kwamba fizikia haishangilii mbio za mwanzo wala haimcheki anayepumzika. Inauliza kazi yote na muda wote, na kupumzika nako ni muda.

Mkewe, fundi cherehani, ana ushahidi wake. Anasema Jumamosi mumewe hulima bustani kwa pupa robo saa, kisha hujinyoosha mkekani hadi mchana. Akiulizwa, anajibu kwamba mama watoto asitazame mkeka, atazame wastani. Mama anasema huo wastani ameshaupigia hesabu, na heri mzee anyamaze tu.

Katika vikao vya walimu alikuwa wakili wa waliokwama. Mtoto akiporomoka muhula mmoja, Mwalimu aliomba mwaka mzima uangaliwe. Mmoja wa aliowaokoa namna hiyo ndiye fundi wa maabara anayeandika haya.

Mwaka huu goti lilimgeuka, akafanyiwa upasuaji. Makamu mkuu wa shule, kwa nia njema kabisa, alimshauri astaafu mapema: maabara haiwezi kushushwa chini, na kati ya kipindi na kipindi kuna dakika tano tu. Mwalimu aliumia sana moyoni. Darasa la mtihani alilipokea likiwa halijui hata kushika rula, na hakutaka kuliacha njiani. Akaomba apimwe ngazini kama wanafunzi wake. Wakakubaliana kwamba akifika juu ndani ya dakika tano, darasa litabaki lake.

Wanafunzi waliweka kiti pale ngazi inapopinda. Alipanda, akaketi, akapanda tena, na saa ikaonyesha kwamba ameshinda. Darasa likapiga makofi. Mwalimu aliitazama saa, akawatazama wenye saa, wakainamisha vichwa. Kwa huruma yao walikuwa wameisimamisha wakati amekaa kitini.

Hakuwafokea. Alisema tu kwamba wamempenda vizuri lakini wamepima vibaya, akashika mkongojo na kushuka hadi chini kuanza upya. Tulimsihi, makamu naye akamsihi, hakusikia la mtu. Safari hii saa haikusimama, na dakika tano zikampita akiwa bado ngazini.

Alipofika maabara alichukua chaki na kuandika matokeo yake mwenyewe. Nguvu wastani yake ilikuwa ndogo kuliko ya mwanafunzi yeyote. Pembeni akaandika kazi aliyoifanya, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya wote, kwa kuwa kitambi nacho kilipanda ngazi. Makamu aliusoma ubao, akatoka. Kesho yake ratiba ilibadilika: fizikia ikawa kipindi cha kwanza asubuhi, ili Mwalimu apande kwa nafasi yake. Darasa amelifikisha kwenye mtihani.

Mwalimu, asante kwa kutungoja sote tuliochelewa kufika juu. Nenda ukaishi kwa afya na furaha pamoja na mama na wajukuu. Kile kiti cha ngazini tumekipiga rangi, ni chako, kipeleke nyumbani. Kaa utakavyo. Saa tumeizima.