Hesabu ya Watu wa Sverdal

Benchi liko nje ya chumba cha mizani ya malori, kwenye ghala la nafaka la Sverdal, Kaunti ya Ordway, upande usiopigwa na upepo. Ni mwezi wa tatu, theluji imegeuka tope, mashamba hayaingiliki, na wazee watatu hawana kazi zaidi ya kumaliza kahawa na kuchoshana. Asubuhi hiyo Harlan Bakke alikuja na daftari. Kaunti inatimiza miaka mia na hamsini, kinaandikwa kitabu, na kila tarafa imetakiwa kuleta ukurasa wake: ardhi, historia, idadi ya watu. Harlan ndiye aliyepewa ukurasa wa Sverdal. Lakini kilichomnyima usingizi si kitabu. Alikuwa amemwahidi binti yake Jolene, aliyeko mjini Omaha, kwamba watu wa Sverdal wakiwa hawafiki mia, atafunga nyumba na Jumamosi ya wiki hiyo atahamia kwake. Aliahidi kwa kuchoka kubishana, na sasa alikuwa anaogopa kuhesabu.

— Anza na ardhi, — alisema Debe, aliyepewa jina hilo na tumbo lake. — Andika: tambarare. Kwisha.

— Unaelezea kaunti au meza? — alidakia Ramani, aliyeendesha greda la kaunti la kusawazisha barabara miaka thelathini na mmoja na aliyezijua kalavati kuliko wajukuu zake. — Andika barafu. Zamani barafu ililala hapa maelfu ya miaka, ikaikandamiza nchi mpaka ikanyooka.

— Halafu ikaondoka kwa nini?

— Iliona hakuna la kufanya.

— Basi hiyo ndiyo historia nzima, — Harlan alisema. — Hata barafu ilihama.

Hakutaka kuchekesha. Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliolala vibaya, kisha Debe akajimiminia kahawa.

— Andika sababu, — Debe alisema. — Enzi za babu zetu kaunti ilikuwa na watu elfu kumi na moja. Leo elfu tatu na ushei. Kosa ni la reli. Mhandisi alikula kwa Bibi Haugen, akanyimwa kipande cha pili cha pai ya tufaha. Kesho yake akaipinda reli maili nne kusini. Tumekufa kwa ajili ya pai!

— Acha uongo wako, — Ramani alisema. — Hicho kipande alikila babu yako.

— Ndiyo maana nimeipata habari sahihi.

— Si reli, bwana, ni trekta, — Ramani alisema. — Kila trekta jipya limemeza familia mbili. Lile la jirani Nygaard lenye magurudumu manane limemeza nane.

— Trekta linakula watu?

— Haya, waite basi. Tuone nani ataitika.

Debe alijikuna shingo, akasogea mbele kama mtu mwenye siri.

— Niwaambieni ukweli? Watu hawajapungua. Ardhi ndiyo imeongezeka, inavutika. Nikiwa kijana nilikwenda kwa Nygaard kwa miguu dakika kumi. Siku hizi arobaini. Kapimeni!

— Hilo ni goti, Debe.

— Goti gani? Magoti yote mawili yanasema hivyohivyo!

Harlan alifungua daftari. Ramani akaingia ndani, akaitoa ukutani ramani ya wenye mashamba, ile yenye jina la mwenye ardhi kwenye kila mraba, akaitandaza magotini.

— Nyumba kwa nyumba, — Harlan alisema. — Kwa Haugen?

— Walihamia Minneapolis, — Ramani alijibu. — Sifuri.

— Kwa Nygaard?

— Wanne. Weka watano, kijana wao huja wikiendi kufuliwa nguo.

— Wanne. Kwa Tollefson?

— Wako Arizona wanaota jua. Sifuri.

— Kwa Bakke?

Hiyo ilikuwa nyumba yake mwenyewe.

— Mmoja, — alijijibu, na neno hilo lilimuuma kuliko Arizona na Minneapolis pamoja. Tangu mkewe Ardis afariki hakuwahi kulisema kwa sauti.

Walimaliza mraba wa mwisho. Alijumlisha, akarudia, akapata yaleyale: tisini na mmoja.

— Ongeza wa makaburini, — Debe alisema kwa upole. — Kule tuko mia nne.

— Ndiyo Jumamosi, Harlan? — Ramani aliuliza.

— Ndiyo Jumamosi.

— Kahawa atapika nani? Ya Debe ni maji yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali.

Pikapu ya kijivu ilikuwa imesimama kwenye mizani, dirisha wazi, tangu walipokuwa wakisoma majina. Harlan aliijua. Kila asubuhi, miaka kadhaa sasa, walikuwa wakipishana darajani na kusalimiana kwa kuinua vidole viwili juu ya usukani, kama kila mtu afanyavyo huku. Uso wa dereva hakuwahi kuutazama. Alishuka mwanamke mwenye viatu vya mpira, aliyekuja kununua chakula cha kuku.

— Habari za asubuhi, wazee. Naitwa Marisela Ixcoy. Samahani, nimesikia mnasoma majina. Hiyo ya Tollefson mliyoandika sifuri ni nyumba ipi?

— Karibu na daraja la kaskazini, — Ramani alijibu bila kufikiri. — Nyumba nyeupe, banda jekundu.

— Yenye nguo kwenye kamba?

— Hiyohiyo, mama.

Kisha Ramani akainua macho kutoka kwenye ramani. Nguo hazijianiki.

— Pale nakaa mimi, — Marisela alisema. — Mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Sita. Mwaka wa nne huu.

— Lakini mwenye nyumba ni Tollefson, — Debe alinong'ona.

— Najua, tumepanga kwao. Mabomba yote tumebadilisha wenyewe. Dereva wa basi la shule bado anasema watoto wa kwa Tollefson. Hivi, wazee, mtu akae miaka mingapi hapa ndipo paitwe kwake?

Debe alichungulia kikombe. Ramani aliitazama ramani, kona hadi kona.

— Na kwa Haugen? — Harlan aliuliza polepole. — Ile ya njia panda ya kanisa. Iko tupu, sivyo?

— Alfajiri nikienda kazini naona taa jikoni. Sijui ni nani.

Harlan aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa ameziomboleza nyumba hizi bila kuangalia madirisha yake. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Jolene.

— Baba, umehesabu? Mko wangapi?

— Sijui, mwanangu. Nimezaliwa hapa, nina miaka sabini na tisa, na sijui.

— Kwa hiyo Jumamosi nije kukuchukua?

Marisela alikuwa bado amesimama mbele ya benchi, anasubiri kuambiwa ni miaka mingapi.

— Ngoja kwanza, — Harlan alisema. — Kuna mtu hapa ameniuliza swali, sijamjibu.