Kilo za Gebhard

Ndani ya basi la kuteremkia Innsbruck, Afra alikaa nyuma ya wazee wawili, mtu na mdogo wake, waliokuwa wakipanga safari yao ya kila mwaka ya kwenda kuteleza kwenye theluji. Hakukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana pazia.

"Chumba nimeshaagiza, kilekile," alisema Gebhard, yule mkubwa. "Mbao za kutelezea tutakodi kulekule mlimani."

"Na wakikuuliza uzito, kaka?"

"Themanini na tano, kama siku zote."

"Zilikuwa! Siku hizi koti ndilo linakuvaa wewe."

Afra alitaka kucheka. Kisha akaiona shingo ya Gebhard inavyopwaya ndani ya kola, kicheko kikamkauka.

"Vibano vinavyoshika kiatu kwenye mbao hukazwa kwa uzito wa mtu," Veit, yule mdogo, aliendelea. "Wakikukazia vya pandikizi la mtu, ukianguka havitafunguka. Mguu utakatika kama kijiti. Waambie ukweli, hamsini na nane."

"Yule binti wa dukani ananijua tangu utoto wake. Ataniuliza naumwa nini."

"Si umwambie?"

"Wewe nilikuambia?"

Veit akageukia dirisha. "Hukuniambia. Aliniambia shemeji."

"Basi niache nivunjike. Mguu ukivunjika, watu wanakuja na keki, wanacheka, wanaondoka."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Gebhard akainuka kwa shida, na Veit akamdaka kiwiko.

"Niachie," alisema Gebhard. "Mtu wa kilo themanini na tano hashikwi mkono."