Theluji ya Gachoka

Benchi la Makandi, muuza kahawa, mkabala na duka la mbegu mjini Embu, lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na bado limebeba hoja nzito kuliko kamati nyingi zenye viti vya kuzunguka. Mchana huo Nelius, ambaye benchini huitwa Tenda, alikuja na barua mkononi, akaagiza kahawa ya tangawizi na hakuinywa. Miaka kumi na mmoja amekuwa ofisa ununuzi wa mambo ya sola, kuanzia taa za mkononi hadi pampu za visima, na hajawahi kupokea hata kalenda ya Krismasi kutoka kwa mwenye tenda. Sasa kampuni yake inamtaka ajieleze kwa maandishi kabla ya saa kumi, la sivyo aage meza.

— Umeiba nini, Tenda? akauliza Runji, fundi wa stima, anayeitwa Waya.

— Theluji.

— Soma vizuri, madam, akasema Ireri, mwalimu mstaafu. Yeye ndiye anayeitwa Kamusi.

Nelius akasoma: “Ulinunua vyuma vya kushikilia paneli za kisima cha Gachoka visivyoweza kuhimili uzito wa theluji, kinyume na masharti ya tenda.”

— Gachoka hii ya jua kali, mbuzi na ndengu?

— Hiyo hiyo, Mwalimu. Mtu alinakili karatasi ya Ulaya, akabadilisha jina la mahali tu! Nikawaambia wakubwa, wakapuuza. Nikanunua vyuma vya jua na upepo. Sasa mkaguzi wao amekataa kutia sahihi, na pampu imefungwa kufuli miezi miwili.

— Mimi naona mbali, Waya akasema. Wazungu wamepima hewa. Theluji inakuja. Nunua koti.

— Kibugu kwenyewe, kule juu kwenye baridi ya majani chai, haijawahi kunyesha! Nelius akasema.

— Si lazima inyeshe, Kamusi akasema. Theluji ya mlimani inapungua kila mwaka. Inaenda wapi? Inahamishwa Mbeere, upande wa Gachoka, kwa awamu. Kutakuwa na mkurugenzi wa theluji, naibu wake, na dereva.

— Nyinyi chekeni tu, Makandi akasema akimimina. Mkichunguza mtakuta Theluji ni kampuni ya shemeji ya mtu.

Kicheko kikakatika. Katika orodha ya wauzaji aliyopewa Nelius ni duka moja tu linalouza vyuma vya theluji, na ofisa aliyemtangulia alifukuzwa kwa barua kama hii.

— Omba msamaha, Tenda. Una watoto.

— Msamaha wa nini, Waya? Wa kujua Gachoka iko wapi?

Mama mmoja, Kiende, aliyekuwa ameuza ndengu zake na kukunja gunia, akasogea.

— Ni wewe wa ile kisima yetu ya Gachoka?

— Ni mimi, mama.

— Mimi sijasoma sana, mwanangu. Kila asubuhi nateremka mtoni na mtungi. Hiyo theluji iliyotufungia maji, ilinyesha lini?

Kamusi, mwenye miaka thelathini ya darasani, akasimama kumpisha akae.

— Rudia, mama. Pole pole, Nelius akasema, akitoa kalamu.

Akaandika swali kama lilivyosemwa, na jina la Kiende chini yake, bila zile heshima na taadhima za barua. Likawa jibu lote kwa kampuni.

— Twende, mama, ukawaulize kwa mdomo wako. Bado nusu saa ifike saa kumi.

Makandi akakifunika kile kikombe cha Nelius kwa kisahani, kama cha mtu atakayerudi.