Meza Mate Anatoka Chumba cha Oksijeni

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa chumba chetu cha oksijeni anastaafu. Jina lake limo kwenye faili la utumishi. Sisi na wagonjwa tunamwita Meza Mate. Ndilo neno analowaambia watu mlango wa chuma unapofungwa na hewa kuanza kubana masikio: "Meza mate, baba. Piga miayo, mama. Usione haya, humu hakuna mkwe."

Hakuanzia hapa. Miaka kumi na moja ya kwanza alikuwa chumba cha mionzi, ghorofa ya chini, akiwalaza wagonjwa wa saratani na kuwachora alama za vipimo ngozini. Kazi hiyo aliipenda, kwa kuwa wengi aliwaaga wakiwa wamepona. Kisha akaanza kuwaona wakirudi. Saratani ilikuwa imekwisha, lakini pale mionzi ilipopita, mishipa midogo ya damu ilikuwa imekufa polepole. Huyu ana kidonda cha taya kisichofunga, yule anakojoa damu, miaka saba au minane baada ya kupona. Hospitali ilipoleta mtambo wa oksijeni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba uhamisho.

Kwa wasioujua, ni chumba cha chuma chenye viti sita na dirisha dogo la mviringo. Mgonjwa huvaa kofia ya plastiki inayofunika kichwa chote, hewa hushindiliwa mpaka awe kama amezama mita kumi na nne majini, naye huvuta oksijeni tupu kwa dakika tisini. Hufanya hivyo siku tano kwa wiki, mara arobaini. Oksijeni hiyo husaidia mishipa mipya kuota. Haimsaidii kila mtu, na Meza Mate hakuwahi kumdanganya mgonjwa kuhusu hilo. Mimi ni fundi wa mtambo. Kwa miaka kumi na sita nimekaa nje kwenye geji ya kupimia mgandamizo wa hewa, yeye ndani pamoja nao.

Mlangoni alikuwa mkali kuliko askari. Mafuta ya nywele, simu, viberiti, nguo za nailoni, vyote vilibaki nje, maana oksijeni haina utani na moto. Dereva mmoja mstaafu alificha redio ndogo kwenye soksi asikose mpira. Meza Mate aliitoa kwa vidole viwili kama anayetoa panya. Kisha akasimama dirishani kwa ndani, mimi nje nikimwandikia matokeo kwenye karatasi, akamtangazia mechi nzima. Timu ya dereva ilifungwa manne. Mzee alisema heri angeachiwa redio, angeizima.

Sasa niseme lililo zito, kwa ruhusa yake. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, hapa hapa, akapona. Miaka tisa baadaye Meza Mate alipita kwake Jumapili moja bila taarifa, akakuta kambani vitambaa vingi vyenye madoa yaliyokataa kutoka. Dada alikuwa akikojoa damu kwa miaka miwili, na hakumwambia mtu.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Jibu hilo lilimkata maini. Kila asubuhi aliwauliza wageni kama wanakojoa damu, kavukavu, na ndugu yake wa tumbo moja hakumwuliza.

Siku ya kwanza dada aliogopa chumba. Alishika mlango kwa mikono miwili, hakutaka kuingia. Meza Mate hakumvuta. Alitangulia, akakaa, akapigapiga kiti cha jirani. "Siku ya kwanza ya shule ulinipeleka nikilia," alimwambia. "Leo ni zamu yangu."

Dada akaingia. Wiki ya tatu damu ilipungua, na dirishani niliwaona wakicheka. Lakini figo zilikuwa zimeharibika kabla hajafika kwetu. Alihudhuria mara thelathini na moja. Asubuhi ya mara ya thelathini na mbili alifariki wodini.

Meza Mate alirudi kazini baada ya siku saba. Nilipopandisha hewa nilimwona akiwaambia watu wameze mate huku machozi yakimtoka. Hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa ikimwekea mama mmoja kofia sawa. Niliendelea kuangalia geji.

Mwezi ule ule aliomba masijala orodha ya wote waliowahi kupata mionzi, akaanza kuwapigia simu saa ya chakula cha mchana, mmoja mmoja. "Nakuuliza swali la aibu," alikuwa akisema, "unijibu bila aibu." Kwa miaka sita aliwapata watu mia mbili na kumi na wanne waliokuwa wakificha damu, vidonda na maumivu. Wengi walipata nafuu, baadhi tuliwazika. Leo simu hiyo ni kazi rasmi ya idara. Wakubwa walimpa cheti. Alikishukuru, akauliza kama kinaweza kubadilishwa na laini ya pili ya simu.

Mwezi wa tatu mwaka huu daktari wa masikio alimkataza kuingia chumbani tena, maana ngoma ya sikio la kushoto imepasuka mara ya pili. Amemaliza utumishi wake nje, kando yangu, akiwasemesha wagonjwa kwa kipaza sauti.

Wiki iliyopita nilimwuliza kama wale mia mbili na kumi na wanne wamempunguzia uchungu.

"Hapana," alisema. "Wao ni wao. Dada yangu alikuwa mmoja."

Kisha akanyanyua simu, akampigia aliyefuata kwenye orodha.

Ahsante, Meza Mate, dada yetu. Hatuna dawa ya uchungu huo, na hatutajifanya tunayo. Tunakutakia siku za utulivu, na watu watakaokuuliza hujambo, kisha wakangoja jibu.